Mdada wa Ipagala Anaandika Vita vya Anga, Staa wa Simulizi Anakula Hela

Kuna mdada pale Ipagala, jina kapuni, mchana yuko steshenari anatoa kopi na kuchapa barua za watu za kuomba kazi. Usiku anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Na haandiki zile za bosi na hausigeli. Anaandika vita vya anga: majeshi yanatoka sayari moja kuvamia nyingine, maharamia wanateka vyombo njiani, malkia wa mwezini anamsaliti mdogo wake, na kuna jamaa kalala usingizi wa miaka 80 safarini, anaamka anakuta mchumba aliyemwacha nyumbani alishazikwa. Wazungu wanaziita speisi opera. Yeye anaziita hadithi za anga, na zinaeleweka hivyo hivyo.

Biashara yake ni ile ile inayojulikana. Sehemu 10 za mwanzo bure Facebook, kuanzia ya 11 unaingia grupu la WhatsApp kwa buku moja kwa wiki, hela unatuma kwa simu. Hana mchapishaji, hana meneja, hana mtu wa kumlipia matangazo.

Sasa akatokea staa. Na huyu jina kapuni, ila wadau wa simulizi za YouTube wanamjua, ni yule wa sauti nzito anayependa kupiga picha ameegemea gari ambalo watu wanasema ni la kukodi. Akachukua sehemu zote, akabadilisha jina la kapteni, akafuta jina la mwandishi, akaweka muziki wa huzuni kwa nyuma na matangazo katikati. Watu wakamwagika. Mwenye kazi alipoenda inbox kwa adabu zote, "Shikamoo kaka, hiyo stori ni yangu", akajibiwa kuwa stori ikishafika mtandaoni ni ya watu wote, na kwamba angeshukuru anapewa kiki.

Hivi hiyo sheria ya "mtandaoni ni ya wote" ilipitishwa Bunge gani? Bunge lenyewe liko hapo hapo Dodoma, mwendo mfupi tu kwa bajaji kutoka Ipagala, na linalojulikana kupitishwa ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo haki ya mwandishi inaanza pale anapoiandika kazi yake. Kusajili COSOTA kunasaidia kwenye ushahidi, lakini asiyesajili hajageuka shamba la bibi. Kuiandika kwa simu hakubadilishi kitu. Kuiposti bure hakubadilishi kitu. Huyo staa akiibiwa klipu yake moja tu analia laivu saa nzima, kwa hiyo hoja ya kwamba hajui ife hapo.

Halafu likaja kundi la pili, la wachekaji. Mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi kibao akaposti: "Dodoma maji yenyewe ya mgao, mnaenda sayari gani?" Watu wakacheka mpaka basi. Tatizo hajasoma hata mstari mmoja. Angesoma angekuta stori nzima ni hiyo hiyo. Kwenye sayari ya huyu mdada kinachogawiwa kwa mgao ni hewa. Watu wanapanga foleni alfajiri na madumu, ratiba imebandikwa ukutani na haifuatwi, na wakubwa wana matenki makubwa nyuma ya nyumba. Mtoto wa jirani anaishiwa pumzi siku moja kabla ya zamu ya mtaa wao. Sehemu hiyo ni ya 14, na kwenye grupu watu wazima walituma vikatuni vya kulia. Mtu ambaye hajawahi kubeba dumu Ipagala asingeweza kuiandika.

Sio kwamba kila kitu kiko sawa. Sehemu ya 22 ni mbovu, vita vimekaa kurasa na kurasa na majemadari wanane wenye majina yanayofanana. Msome umkosoe kwa hilo, ni haki yake kukosolewa kama mwandishi. Ila hoja ya "hayo ni mambo ya Wazungu" haina miguu.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na mmoja wa wajumbe wake anatumwa mbinguni. Katama Mkangi, wa Kenya, mwaka 1995 akatoa Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa anafungiwa kwenye chombo na kurushwa, anatua kwenye dunia nyingine. Maneno yapo zamani: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Kilimia. Ule mwamba wa Mbozi kule Songwe wote wanauita kimondo, hakuna aliyesubiri kufundishwa.

Wengine nao wamekuja kuchota hapa hapa. Mwaka 1966 Star Trek ilianza na afisa wa mawasiliano anaitwa Uhura, jina lililotoka kwenye neno uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani kutengenezwa maalumu kuchunguza eksirei za angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, akatoa hadithi ya msichana anayepanda chombo kwenda kusoma chuo cha sayari nyingine. Jina la kitabu? Binti. Kikabeba Nebula na Hugo, tuzo kubwa kabisa za hadithi za aina hiyo. Yaani neno la Kiswahili linafika huko na kupigiwa makofi, lakini binti mwenyewe wa Ipagala akiandika kwa Kiswahili anaambiwa anajizima data.

Na isisemwe hadhira haipo. Nenda kibanda umiza chochote uulize Thanos ni nani. Bodaboda atakusimulia mpaka vidole vya yule mtu.

Wanaobaki ni wasomaji wenyewe, na hapa wengi hawatapenda. Stori ilimfikiaje staa? Ilivujishwa na mwanachama aliyelipa buku, akafowadi kwa rafiki zake, nao wakafowadi. Huyo huyo kila Ijumaa anauliza "Mwandishi vipi, mbona kimya?" Andy Weir alianza hivi hivi, anaposti The Martian sura kwa sura bure kwenye tovuti yake, wasomaji wakamwomba aiweke Kindle, mwaka 2011 akaiweka kwa senti 99 za dola, wakainunua. Mwaka 2015 ikawa muvi. Wasomaji wake walikuwa nayo bure tayari, na bado walilipa.

Sehemu ya 41 inatoka Ijumaa saa tatu usiku, buku lile lile. Mdada kafukuza namba 12 kwenye grupu na kuanza kuandika jina lake ndani ya stori yenyewe, kwenye maneno ya kapteni, pasipofutika kirahisi. Staa bado yuko kwenye sehemu ya 38, anawaambia wafuasi wake "mwandishi wetu anaumwa".