Nanasi la Marehemu

Mwezi jana tuliwaahidi habari za kusafisha visima. Visima vitangoja kidogo, kwani tumeitwa katika nyumba moja kuamua neno ambalo twaona lafaa kusomwa na nyumba nyingi.

Mzee mmoja, aliyekuwa mpishi wa Wazungu huko pwani, alipofariki aliacha nanasi la madini ya rangi ya manjano, kimo chake shibiri moja na zaidi. Magamba yake yamechorwa vizuri sana, na majani yake ya juu hufunuka kama kifuniko. Bwana wake alimpa siku ile alipofunga mizigo kurudi kwao. Mwana mkubwa alishika kwamba ni dhahabu, akakopa fedha za kununua kiwanja kwa kulitumainia nanasi hilo. Mdogo wake akanena kwamba urithi wa wote unaliwa na mmoja. Mwaka mzima hawakusalimiana. Ndipo mama yao akatuita, akasema, “Mwalimu, wewe umesoma. Kiangalie kitu hiki, useme mbele yao wote wawili.”

Sisi si sonara, wala hatukujifanya sonara. Lakini yako mambo ambayo mtu yeyote mwenye macho na mizani aweza kuyapima.

Kwanza tuliona kwamba upande mmoja wa nanasi wang’aa, na upande wa pili ni mweusi-mweusi. Mkubwa alikiri kwamba alilisugua kwa mchanga na ndimu, akachoka katikati. Kazi hiyo ilikuwa hasara. Ule weusi wa miaka mingi ndio wapendao wanunuzi wa vitu vya kale, kwa kuwa ni ushahidi wa umri, na mchanga hukwaruza hata maji ya fundi yakapotea. Katika mifereji ya magamba, mahali ambapo mchanga haukufika, palikuwa na kutu ya kijani. Kutu hiyo ni ya shaba; dhahabu safi haiotwi nayo.

Mdogo alileta sumaku, nayo haikushika. Mkubwa akafurahi, “Mwaona!” Tukamwambia asifurahi upesi. Sumaku hukamata chuma na namna nyingi za chuma cha pua, bali shaba, zinki, alumini, fedha na dhahabu zote huziacha. Basi jibu lake lilitufundisha jambo moja tu, kwamba ndani hamna chuma kilichopakwa rangi.

Kisha tukaomba ruhusa ya wote watatu, tukapitisha tupa mara moja chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Kama lingekuwa zinki iliyochovywa tu, chini ya ngozi tungaliona rangi ya kijivu; kama ni shaba nyekundu, tungaliona wekundu. Tuliona manjano yale yale.

Lakini manjano si dhahabu bado, na hapa mizani ndiyo iliyosema. Wengi wamesikia habari za Arkimede, mwenye hekima wa mji wa Sirakusa, aliyeulizwa kama taji ya mfalme ilikuwa dhahabu tupu au imechanganywa. Kanuni ni hii: kitu kikizama majini hupungukiwa na uzito sawasawa na uzito wa maji yaliyoondoka mahali pake. Gawanya uzito wote kwa uzito uliopungua, utajua kitu hicho ni kizito mara ngapi kuliko maji. Alumini ni mara 2.7, zinki 7.1, shaba ya manjano 8.4 hadi 8.7, na dhahabu safi 19.3.

Tulilitundika nanasi kwenye mizani, likawa gramu 1,700. Tukalishusha katika ndoo ya maji pamoja na kifuniko chake, likawa 1,360. Limepungua 340, yaani mara tano tu. Mdogo akacheka kwa uchungu, akisema hata shaba si shaba. Nasi tuliaibika, kwani tulikuwa tumekwisha kuonyesha hesabu ile kwa fahari. Ndipo mama mwenyewe akasema, “Mbona linatoa mapovu?” Kweli, kitako kilikuwa kimeunganishwa kwa lehemu, na kati yake na tumbo la nanasi palikuwa na uwazi wenye hewa. Tukaligeuza na kulitikisa majini hata mapovu yakakoma. Tukapima tena: 1,500. Limepungua 200, basi ni mara 8.5.

Mkubwa alinyamaza, kisha akauliza kama huenda ni dhahabu iliyochanganywa. Swali lilikuwa la haki. Lakini hata dhahabu ya karati 9, ambayo katika sehemu 24 sehemu 9 tu ni dhahabu, hupita mara kumi. Hii ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu na zinki zilizoyeyushwa pamoja.

Chini ya kitako, baada ya kupangusa, tulisoma neno INDIA. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliamuru bidhaa za kigeni zipigwe chapa ya nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikazoea kufanya hivyo. Huko India mji wa Moradabad wajulikana sana kwa kazi hiyo, hata huitwa Mji wa Shaba. Matunda ya shaba yenyewe si jambo jipya: Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chataja makomamanga 400 juu ya nguzo za hekalu la Sulemani. Ila nanasi lilitoka Amerika, na Wazungu walilikuta mwaka 1493, Kolumbo alipofika Guadeloupe. Katika karne ya 18 huko Uingereza lilikuwa ghali hata watu walilikodi kwa karamu moja, likapambe meza bila kukatwa, na sanamu zake zikawa alama ya kukaribisha wageni. Sisi tunaolinunua njiani tukiwa na vumbi miguuni twaweza kutabasamu.

Basi thamani yake? Kwa uzito, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, haifikii mbuzi mmoja. Kwa apendaye mapambo yaweza kuzidi, lakini vitu vya namna hii vilitengenezwa vingi, na ule upande uliosuguliwa utapunguza bei. Tuliwaambia hivyo waziwazi. Tena tuliwaonya wasitie ndani yake siki wala achari, kwa maana vitu vikali huila shaba na kuichanganya na chakula.

Mkubwa akasema taratibu, “Basi deni ni langu.” Mdogo hakujibu lolote, lakini juma lililofuata walionekana njiani pamoja, wakienda kwa mkopeshaji kuomba muda.

Nanasi li rafuni kwa mama yao. Upande mweupe ameugeuzia ukutani, na ndani yake huweka miwani.