Marejeleo si Pambo la Makala

Aghalabu mwanafunzi anayeandaa mswada wa jarida la kitaaluma huyaona marejeleo kuwa kazi ya usiku wa mwisho: koma hapa, nukta pale, anwani ya kitabu kwa italiki. Mtazamo huu una hasara, na mtaa wa Kibera ni shahidi.

Kwa miaka mingi, makala na ripoti zilidai kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi. Mwandishi alimnukuu mwenzake, wa tatu akamnukuu wa pili, chimbuko lisionekane. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Wapo walioipinga hesabu hiyo, na wana haki. Lakini yapingika kwa sababu mwaka wake, mipaka yake na aliyehesabu vyajulikana. Ile milioni haina pa kushikwa.

Hapo ndipo thamani ya kanuni inapodhihirika. Katika matini, mtindo wa APA hutaja mwandishi na mwaka, kwa kuwa takwimu huchakaa. Ule wa MLA hutaja mwandishi na ukurasa, kwa kuwa fasihi hurejelewa neno kwa neno. Lengo ni moja: msomaji aweze kukirudia chanzo.

Anayeandika leo kuhusu Kawangware asilirudie kosa hilo. Aliyekusanya data mwenyewe ataje tarehe na mipaka ya eneo. Aliyeazima aisome asili, ama akiri kuwa amenukuu kupitia kwa mwingine. Maji, vyoo na madarasa hupangwa kwa idadi ya watu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Taaluma nayo vivyo hivyo.