S Moja Tu, Siku Tatu za Kununiana

Mwezi huu kesi ni yangu mwenyewe. Siku nilipopewa uhariri, mume wangu, ambaye kazi yake iko Wete, alinitumia meseji: "Congratulation my wife. Many loves." Na mimi, msomi wa mawasiliano, nikamjibu hivi: "Congratulations, na s. Much love, bila s."

Basi. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya, Jumapili simu inaita tu.

Nikapanda boti hadi Mkoani, gari ya Chake, kisha ya Wete. Nafika, napokewa kwa salamu ya baridi. "Mimi nakupongeza, wewe unanisahihisha," akasema, akarudi zake barazani. Mavyaa wangu, ambaye Kiingereza hakijui, akauliza kosa lenyewe kubwa kiasi gani. Nikamwambia ni herufi moja.

"Si ungeitia mwenyewe, mwanangu?"

Jamani, niliona haya. Hasa kwa kuwa kosa lile lina sababu. Pongezi, salamu, shukrani, rambirambi: maneno haya kwetu hayabadiliki, iwe moja iwe mia. Wingi wake unausikia kwenye neno linalofuata, salamu zangu, shukrani zetu. Ndiyo maana tunaandika "congratulation" na "condolence" kwa roho safi kabisa. Kwa hiyo ukitaka kumpongeza mtu au kumpa pole kwa Kiingereza, isikilize hiyo z. Pongezi zangu, "congratulations". Rambirambi zetu, "condolences". Shukrani zangu, "thanks". Salamu zangu, "regards". Ila kwenye barua ya ofisini, ukitaka kusema "kuhusu", ni "with regard to", hapo s haina kazi. Bosi wako akiiweka, nyamaza tu, mimi nimeshajifunza.

Lakini ujanja huu usiupeleke mbali, utakuumbua. Taarifa zetu ni nyingi, Kiingereza kinasema "information" tu. Mizigo ya abiria pale bandarini Mkoani, hata ijaze lori zima, ni "luggage". Samani za nyumba nzima, "furniture". Yaani ukiongeza s hapo umeharibu. Kituko chenyewe ni "news": s inayo mkiani, lakini inahesabiwa moja, "the news is good". Habari zako kwetu ni nyingi, kwao ni moja.

Tulipatana siku ya pili, ila Kiingereza alikisusa. Wenzake wa ofisini anawaandikia, mimi mkewe nikawa mtu wa kuogopwa. Miezi mitatu meseji zake zote Kiswahili kitupu, tena fupi fupi, kama za kuagiza sukari. Hilo liliniuma kuliko zile siku tatu.

Wiki iliyopita simu ikalia: "News from Pemba are good. Karafuu tumeshaanika."

Nikamjibu: "Alhamdulillahi."