Ndeke inatembea polepole, juu ya nini kamioni inakimbia?

Kila mutu aliyeshuka Luano anajua: ndeke ikiisha kugusa udongo, haifiki pa kushukia na mbio. Inatembea paka polepole. Watu wanachoka, wanasema piloti anatukawisha bure. Hapana, haiko bure.

Dunia haina sheria moja yenye kuweka namba. Kampuni ndizo zinaandika ndani ya kitabu cha kazi: kwa njia yenye kunyooka, kawaida isipite kilometa 55 kwa saa, pa kukata kona kali, karibu 18. Sababu iko wazi. Ndeke ya tani 70 ikikata kona mbio, gurudumu la mbele linateleza. Piloti akifinya freni kila mara, zinapata moto, na freni yenye moto inakosa nguvu saa anatafuta kusimama kwa lazima.

Tarehe 27 mwezi wa tatu 1977, kule Tenerife, ndeke mbili kubwa ziligongana paka pa udongo, ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Moja ilianza mbio za kupanda bila ruhusa. Piloti wake na wenzake walikuwa na wasiwasi kama masaa yao ya kazi yataisha.

Sasa tuangalie njia yetu ya Sakania. Kamioni za shaba zinapita karibu na soko, karibu na masomo, ndani ya vumbi. Shofere mwenye kulipwa kwa safari, utamwambia polepole, atakusikia namna gani? Watoto wake wanakula hesabu ya safari.

Wakubwa wetu wanapanda ndeke kwenda Kinshasa. Pale hakuna hata mumoja anayemwambia piloti: kimbia, tuko na mukutano. Wanakubali kama mwendo unapangwa na freni, na kona, na ukungu. Haupangwi na saa ya patron.

Sisi tunaomba paka vile vile. Namba ya mwendo iandikwe kwa kila njia ya mugodi na ya mitaa, na vumbi ikiwa mingi, ile namba ishuke. Shofere alipwe kwa mwezi. Na mwenye kupunguza mbio juu ya usalama asikatwe franga hata moja.

Mutoto anayevuka njia hapa Sakania, maisha yake iko na bei moja na ya patron mwenye kukaa ndani ya ndeke.