Usiwaulize Watu wa Manyoni Kama Wameipenda

Watengenezaji wa programu za simu wana imani moja ambayo maofisa wa miradi nao wameipokea bila kuihoji: ukitaka kujua kama skrini ya ukaribisho inafaa, waonyeshe watu mfano wake, waulize wanaionaje, kisha hesabu waliosema ni nzuri. Mimi naipinga. Inawaumiza watu walewale inaodai kuwasikiliza.

Chukulia kijana ametoka Dar es Salaam na programu ya kuwakutanisha wakulima wa alizeti na wanunuzi. Anashuka Manyoni, anamfuata mama anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, anamwonyesha skrini: picha ya mkulima anayetabasamu, neno "Karibu", kitufe cha kijani cha "Anza". "Mama, unaionaje?" Mama atajibu, "Nzuri, mwanangu." Ulitaka aseme nini? Amefikiwa na mgeni mwenye heshima zake, aliyesafiri kutwa kwa ajili ya kitu hicho. Kumkosoa usoni ni kukosa adabu. Isitoshe, miradi huja na orodha za majina, na hakuna anayetaka jina lake likatwe kwa sababu alisema vibaya. Jioni kijana anaandika kwenye ripoti kwamba watumiaji wameridhika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 mtafiti Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Bangalore, India, kwa mahojiano 450. Waligundua kwamba mtu akiamini kifaa kimetengenezwa na yule anayemhoji, uwezekano wa kukipendelea huongezeka mara mbili na nusu, hata kama kifaa cha pili anacholinganisha nacho kinafanana nacho kabisa. Mhoji akiwa mgeni wa kutoka nje anayehitaji mkalimani, hufika mara tano. Kifaa cha mhoji kilipoharibiwa makusudi hadi ubovu wake ukaonekana wazi, bado watu walikichagua. Huko ni mjini Bangalore. Sioni kwa nini Manyoni iwe tofauti.

Maoni ya kweli yako kwenye vidole. Mkabidhi mama simu, mwombe ajisajili mwenyewe mpaka aone bei ya gunia, kisha nyamaza. Usimwelekeze. Utamwona anaandika namba yake kama anavyoitaja siku zote, akianza na sifuri, ilhali kisanduku tayari kimewekwa +255. Skrini inamjibu "Namba si sahihi". Anaifuta, anaiandika upya ileile, kwa sababu namba yake anaijua na haina kosa. Akivuka hapo, anaambiwa aingize tarakimu zilizotumwa kwa meseji. Meseji imeingia kwenye kitochi, ambako ndiko laini yake iliko; nacho kimebaki nyumbani kinachajiwa. Muda wa tarakimu umekwisha. Anakurudishia simu kwa upole na kusema macho yake hayaoni vizuri.

Hapo umepata maoni, tena yanayoweza kufanyiwa kazi leo hii: pokea namba yenye sifuri, onyesha bei kabla ya kudai usajili, acha tarakimu zidumu muda mrefu zaidi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingetoka kwenye swali la "unaionaje". Na huyo mama hakuhitaji kujua chochote kuhusu ubunifu ili kulionyesha kosa, kwa hiyo wanaodai kwamba kazi hii waachiwe wataalamu nao wamekosea.

Afrika Mashariki inao ushahidi mkubwa kwamba kutazama watu wanavyotumia kitu kunafaa kuliko kuwauliza. M-Pesa ilipojaribiwa Nairobi na Thika kuanzia 2005, ilikuwa imebuniwa ili wakopaji wa Faulu Kenya walipe marejesho ya mikopo. Waliopewa simu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia majaribio wakaona, wakaacha mpango wa awali, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Wangehesabu tu waliosema wanapenda kulipa mkopo kwa simu, huenda leo tungekuwa na huduma ndogo ya wakopaji.

Najua jibu la wenye haraka: gharama. Lakini Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa matumizi, alieleza tangu mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, na skrini zilizochorwa kwenye karatasi zinafaa kabla programu haijaandikwa. Kinachogharimu ni kujenga kitu kizima juu ya "nzuri, mwanangu", halafu kukuta hakuna anayekifungua.

Kwa hiyo halmashauri au mfadhili anayelipia kazi hizi aikatae ripoti yenye asilimia za walioridhika. Adai kuonyeshwa mtu wa kwanza alikwama wapi, alikuwa akitafuta nini pale alipokwama, na skrini ilibadilishwaje kabla mtu wa pili hajaishika.