Mpaka ulio nyuma ya darasa

Safu ya Jumamosi
Na Nasimiyu Wekesa

Mtoto wa Lwakhakha anaweza kuvuka daraja, akamwamkia shangazi yake upande wa Uganda na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Akiingia darasani, mtoto huyo huyo anakariri majina ya nchi zinazopakana na Kenya, anaandika "Uganda" kwenye nafasi iliyoachwa wazi na kupata alama yake. Hakuna aliyemuuliza mpaka ule uliwekwa na nani, wala ilikuwaje shangazi akawa wa nchi nyingine.

Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, tuliambiwa mtoto atajifunza kwa kutenda. Lakini nyumba nyingi hapa kwetu Sirisia zimeletewa orodha ya ununuzi: manila, gundi, kalamu za rangi, picha ya mlima ya kuchapishwa saiba. Mama anakesha akikata karatasi huku mtoto amelala, na kesho yake mwalimu anasahihisha kazi ya mama. Siwalaumu walimu peke yao, maana wengi wana madarasa yaliyofurika. Lakini kwa somo la jamii, manila haihitajiki hata kidogo. Kinachohitajika ni swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, na mtoto atumwe kulitafuta.

Kwa mfano, mwalimu wa gredi ya 5 awatoe wanafunzi wake uwanjani. Mstari wa majivu uwe mto Lwakhakha. Jiwe moja liwe Sirisia, jingine Malakisi, jingine Chwele, na rundo kubwa la udongo upande wa kaskazini liwe Mlima Elgon. Halafu kila mtoto asimame pale alipozaliwa kukhu wake, mama yake mama. Wachache watabaki karibu na jiwe la Sirisia. Baadhi watakwenda hadi Kitale, kwa sababu familia nyingi za huku zilifuata kazi na mashamba Trans Nzoia. Na wapo watakaoruka majivu wasimame ng'ambo. Hapo mwalimu aulize: kukhu alihama, au ni mpaka uliohama?

Jibu litawashangaza hata wazazi wao. Hadi mwaka 1902, sehemu hii yetu yote ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza ndio walioukata mkoa huo na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, kisha mwaka 1926 mpaka ukaandikwa rasmi kwa amri iliyotolewa Uingereza. Wabukusu na Wamasaba waliobaki pande mbili za mto waliendelea kuelewana kwa lugha, kuoana na kutahiri wavulana wao katika miaka ile ile. Mtoto aliyesimama ng'ambo ya majivu hatasahau 1902. Yule aliyeikariri ataisahau likizo ikifika.

Zipo shughuli nyingine za namna hiyo. Marika manane ya tohara yetu sisi Wabukusu, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, ni kalenda inayozunguka kwa karibu karne nzima, na mtoto akijua rika la kuka wake, yaani babu yake, anaweza kukadiria miaka yake na kuifunga kwenye kamba iliyotandazwa darasani. Lakini kamba hiyo ikifuata tohara pekee itawaacha nje wanawake wote. Kwa hiyo wasichana na wavulana wawaulize kina kukhu pia: njaa ipi waliyoiona, shule ilifika lini kijijini, waliuza nini Chwele na kwa bei gani. Mafundo hayo nayo yafungwe kwenye kamba ile ile.

Kwa wanafunzi wa sekondari msingi ningependa kazi nzito zaidi. Februari 1948, hapa Malakisi, polisi wa mkoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga ukoloni, na watu 11 wakafa. Kiongozi wao, Elijah Masinde, aliyewahi kuichezea Kenya soka katika Kombe la Gossage, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amepinga amri ya kung'oa magugu na kazi za lazima, akafungwa, kisha akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Darasa lifanye kikao cha uchunguzi. Mmoja awe askari, mwingine muumini, mwingine chifu, mwingine mama aliyekuwa akipita na mzigo wake. Kila anayesema aulizwe: ulijuaje? Uliona, au uliambiwa? Mwishoni waandike ripoti yao na kutaja mahali ambapo mashahidi hawakukubaliana.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu mkuu ataogopa kwamba wazazi wa kanisa fulani watasema watoto wanafundishwa Msambwa. Lakini kuuliza kwa nini watu walipigwa risasi hakumwingizi mtoto katika dini yoyote, na watu hao walikuwa majirani wa babu zake. Wengine watasema safari ya Makumbusho ya Kitale inatosha. Yale makumbusho nayapenda, na maboma ya jadi yaliyojengwa pale yanafaa kuonwa. Ila nauli ya basi zima ni mzigo kwa shule nyingi za Lwandanyi na Namwela, na mtoto akifika huko hukuta majibu yamekwisha kuandikwa ukutani.

Jambo moja tu ningeomba lichungwe. Omuswala kumuse, yule mnenaji anayesimama baada ya mazishi na kusimulia koo zilikotoka, asigeuzwe kuwa igizo la siku ya wazazi. Kazi ile ina wenyewe. Wanafunzi waende wamsikilize, kama watu walivyomsikiliza mnenaji mashuhuri, marehemu Manguliechi, kisha warudi darasani waeleze kwa mdomo, bila karatasi, walichosikia kuhusu ukoo mmoja.

Agosti 2026 ni ya sikhebo, yaani tohara ya wavulana. Nyumba zitajaa wageni kutoka Kitale, Nairobi na ng'ambo ya mto, na wazee watakuwa wamekaa kivulini tangu asubuhi. Walimu wa Sirisia wakifunga muhula wa pili, kazi ya likizo iwe ukurasa mmoja wa daftari: mtafute mgeni mmoja mzee, muulize alizaliwa wapi, na siku hiyo mahali hapo palihesabiwa kuwa nchi gani.