Ubao wa matokeo hauulizi pasipoti

Jamani, hili lazima niliseme. Juzi nikiwa kijiweni Handeni nasubiri gari la Korogwe, msomi mmoja akadai Uganda kuichapa Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la kriketi, Juni 2024, ilikuwa bahati. Eti kufukuzia mikimbio 78 tu wakapoteza wiketi 7! "Waafrika hatuna moyo," akamalizia.

Nikamuuliza: na West Indies je? Pune, Februari 1996, Kenya walitolewa wote kwa mikimbio 166. West Indies, wakiwa na Brian Lara, walitakiwa kupata mitatu na ushee tu kwa kila ova. Wakaishia 93! Hao eti "walidharau mechi."

Acheni hizo. Anayefukuzia ni kama dereva aliyechelewa kutoka Handeni na abiria wake wanataka kuwahi basi la Arusha pale Korogwe. Kila akitazama saa, haraka inazidi, na haraka huzaa kosa. Wiketi ikianguka, anayefuata anaogopa kupiga. Ova zikiyoyoma, anapiga hata mpira wa kuachwa. Mrushaji naye, akilinda mikimbio michache, mipira miwili mibovu inatosha kumvuruga.

Uganda walikuwa 26 kwa wiketi 5. Riazat Ali Shah akatulia, akakusanya 33, wakafika. Moyo ni upi kama si huo? Wao wakianguka ni dharau, sisi tukishinda ni bahati? Mimi sikubali. Wewe je?